Chupa ya Saba na ya Kumi na Moja

Alikuwa hawezi kumshika chura. Mtu aliyeijua midomo ya viluwiluwi kuliko mtu yeyote Mahajanga nzima, aliyeweza kumtazama mtoto wa chura tumboni akakwambia utumbo wake umejizungusha mara ngapi, akimwona chura hai uani alipanda juu ya kiti. Mara moja chura mdogo aliingia katika kiatu chake. Fundi alikiacha kiatu palepale, akaenda msikitini na kiatu kimoja na ndala moja, na alipoulizwa akajibu kwamba kiatu cha pili kina mgeni.

Tulimwita Fundi. Kwetu sisi watu wa asili ya Ngazija, fundi ni mwalimu wa chuo, yule anayewasomesha watoto Kurani barazani kwake. Jina lake silitaji. Mwenyewe hakupenda litajwe; hata barua zake alitaka ziandikwe "kwa Fundi, Mahabibo", mtaa wetu wa Mahajanga, na zilifika. Nilimjua miaka mingi, Nosy Be kwanza na Mahajanga baadaye. Nyumbani tulizungumza Kikomoro, sokoni Kimalagasi, na yeye na daktari wake Kifaransa. Hapa nayaandika yote kwa Kiswahili. Nayaandika kwa sababu nilimficha jambo kuhusu chupa mbili, na nilimficha miaka saba. Kila nilipomsifia mbele za watu jambo hilo lilikuwa kooni mwangu kama mwiba wa samaki, haukuzuii kula, lakini humezi tonge bila kuukumbuka.

Kazi ya vyura hakuitafuta. Alipokuwa kijana Nosy Be alikuwa akiosha vyombo hospitalini, na daktari mmoja Mfaransa, mtu wa kukusanya majani na wadudu, aligundua kwamba mkono wake hautetemeki. Ulikuwa mkono uliozoea kalamu ya mwanzi, kwa kuwanakilia watoto juzuu. Daktari akampa kioo cha kukuzia, penseli ngumu na kiluwiluwi mfu, akamwambia achore mdomo wake. Fundi akachora. Daktari akautazama mchoro, akautazama mdomo, akamwambia kuanzia kesho asioshe vyombo tena.

Bendera ilipobadilishwa, na Wafaransa wengi wakawa wanafunga masanduku, daktari yule hakurudi kwao. Alipelekwa Guyana ya Wafaransa, Amerika ya Kusini, nchi ambayo Fundi hakujua iko upande gani mpaka alipoonyeshwa kwenye ramani iliyobandikwa posta. Kutoka huko daktari aliendelea kumletea kazi kwa meli. Kasha lilikuwa na chupa za kioo zenye midomo mipana, kila moja na viluwiluwi wa aina moja ndani ya spiriti, na kikaratasi cha namba kimefungwa shingoni kwa uzi. Pamoja na chupa palikuwa na tepu. Ukiiweka kwenye mashine unamsikia daktari akikohoa, akisema "namba tatu", kisha mvua, kisha dume la chura akimwita jike. Fundi alitakiwa aeleze umbo la kiluwiluwi wa namba tatu, aieleze na sauti ya namba tatu, na karatasi irudi Guyana ikachapwe katika jarida la wataalamu. Basi kwa miaka kadhaa palikuwa na mtu Mahabibo, asiyewahi kuvuka bahari zaidi ya Ngazija, aliyekaa akieleza vyura wa mito ambayo hangeiona.

Mahabibo mimi na wadogo zangu watatu tulikaa ua mmoja naye. Mimi nilikuwa nafua nguo za watu, na saa za mchana nguo zikiwa kambani nilimwandikia. Kazi ile inataka watu wawili, kwa kuwa jicho likishatua kwenye kioo haliondoki. Mmoja anatazama na kutaja, mwenziwe anaandika. Nilikuwa nimeacha shule darasa la nne, lakini tarakimu nilizijua.

Siku ya kwanza alinipa mimi kioo, anipime.

"Mdomo wake ukoje?"

"Kama kitana, Fundi."

"Kitana cha nani? Changu kimeng'oka meno. Hesabu."

"Mistari ya meno miwili juu, mitatu chini."

"Ule wa pili wa juu umekatika katikati, haukukatika?"

"Umekatika kidogo."

"Kidogo ndiyo kiasi gani, bweni?"

Bweni ni neno letu la kumwita mwanamke mtu mzima kwa heshima. Mimi nilikuwa na miaka ishirini. Alianza kuniita hivyo siku ile na hakuacha.

Neno "kama" alilichukia. Alisema ni mlango wa wavivu: mtu akichoka kutazama anafungua mlango huo anatoka nje. Watoto wa chuo waliokuja na udhuru wao, "Fundi, nimechelewa kwa sababu mvua ilikuwa kama…" aliwakata hapohapo. Ilikuwa mvua au haikuwa mvua? Lakini yeye mwenyewe alipokula wali wenye nazi alifumba macho akasema ni kama kusamehewa, na tulipocheka alisema wali si kazi.

Hakuweza kukaa. Katika ua ule mmoja alihama vyumba mara nne, kila mara akidai chumba alichotoka kina upepo mbaya. Alikula amesimama. Alisomesha akitembea, kutoka mwisho wa baraza hadi mwisho mwingine, na watoto walizoea kusoma huku vichwa vikigeuka kushoto na kulia. Shingo za watoto wa chuo kile zilikuwa nyepesi kuliko za watoto wengine. Mama mmoja jirani yetu, Bi Echata, mwuza samaki mkavu, alikuwa akisema ukimtaka Fundi atulie, mpe maiti ya chura. Na ilikuwa kweli. Mbele ya kioo cha kukuzia hakupepesa jicho. Nzi walimtua shavuni wakaondoka kwa hiari yao.

Huyo huyo Bi Echata alimtukana vibaya kuliko mtu yeyote. Ilikuwa kiangazi, mbingu imekauka, na samaki wake wameanikwa kwenye mikeka ua mzima. Fundi akaweka tepu mpya chumbani, akaongeza sauti ili asikie vizuri. Vyura wakalia, si mmoja wala wawili, bwawa zima la Guyana, na nyuma yao mvua kubwa. Bi Echata alikuwa amesinzia ukutani. Aliruka, akakusanya samaki wote kwa mikono miwili, akawatupa ndani juu ya mchele. Jirani wa pili akatoa madumu na masufuria kukinga maji. Mimi mwenyewe niliziondoa shuka za watu kambani zikiwa bado mbichi. Ndipo tukatazama juu.

"Fundi!" alipiga kelele Bi Echata. "Vyura wa wapi hao wanaotangaza mvua ya uongo?"

"Wa Amerika ya Kusini, mama."

"Basi warudi kwao wakadanganye huko! Mchele wangu unanuka papa!"

"Kwao inanyesha," alisema Fundi kutoka dirishani, kwa upole kabisa. "Wao hawajadanganya."

Wanawake wa ua walimtania juu ya zile sauti. Alikuwa mjane tangu Nosy Be na hakuoa tena, na kutwa kucha anasikiliza madume wakitongoza. "Fundi, yule wa leo anamwambia nini mkewe?" Naye hujibu bila kucheka: "Anamwambia neno moja mara arobaini. Ndiyo maana anapata." Siku moja mwanamke mmoja akamwuliza kwa nini basi yeye asimwambie mtu neno moja hata mara tatu. Fundi akaingia ndani akafunga mlango, na hakutoka mpaka alasiri. Hatukumtania tena kwa wiki nzima, kisha tukaanza upya.

Urefu wa sauti aliupima kwa vidole. Tulipokuwa watoto tulifundishwa kuvuta herufi za Kurani kwa kukunja kidole kimoja kimoja, vidole viwili, vinne, sita. Naye aliwapima vyura hivyohivyo, akaandika daftarini alama zilezile za kuvuta na kukata. Mzee mmoja wa msikiti alikuja kunywa chai, akaliona daftari.

"Fundi, hii alama ya kuvuta naijua. Lakini hapa sioni aya."

"Ni chura."

Mzee aliweka kikombe chini. Habari ikafika kila nyumba kabla ya magharibi kwamba mwalimu wa watoto wetu anawaandikia vyura tajwidi ya Kurani. Baadhi ya wazazi waliwaondoa watoto. Fundi aligomba barazani, akasema vidole ni vyake, hajavikodisha kwa mtu, na Aliyewapa vyura pumzi ndiye aliyetupa sisi. Aligomba siku tatu. Siku ya nne nilimkuta anafuta alama zote daftarini kwa makombo ya mkate, ukurasa baada ya ukurasa, anaweka vistari vyake mwenyewe, virefu na vifupi. Nilimwuliza kama ameshindwa. Akasema, "Sikushindwa. Yule mzee alikuwa na haki, ila nilitaka kwanza achoke." Watoto wakarudi.

Sasa niseme habari ya ndugu zangu, maana bila hiyo habari ya chupa haieleweki.

Wazazi wetu walifariki Nosy Be katika mwaka mmoja, mama akimfuata baba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, Saidi kumi na miwili, Zaina minane, Hamidu hajatimiza mitatu. Baada ya matanga jamaa walikaa mkekani kutugawa. Baba mdogo wa Ambanja amchukue Saidi kwa kazi za shamba. Shangazi wa Mahajanga amchukue Zaina amsaidie jikoni. Hamidu apewe binamu asiye na mtoto. Mimi niolewe. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanahesabu midomo. Nilisimama mlangoni na Hamidu mgongoni, nikasema watoto watakaa na mimi. Baba mdogo akauliza nimesomea wapi ulezi.

Fundi aliingia bila kualikwa. Hakukaa, bila shaka.

"Mnagawa sahani?" aliuliza.

"Fundi, haya ni mambo ya jamaa."

"Msichana huyu nimemsomesha tangu ana miaka mitano. Hajakosea hesabu hata siku moja, na hajasema asichokijua. Waacheni kwake. Siku akikosea, mimi mwenyewe nitakuja kukaa mkekani hapa nigawe pamoja nanyi."

Wakanyamaza. Yeye alikuwa na sauti kubwa kwa mtu mwembamba. Mwaka uliofuata alipohamia Mahajanga alitutafutia vyumba viwili katika ua wake, na jamaa wakakubali kwa kuwa tuko chini ya jicho lake. Lakini baba mdogo hakuacha kuandika. Kila baada ya miezi michache barua kutoka Ambanja ilimwuliza Fundi: yule msichana bado hajakosea?

Ilikuwa kiangazi nilipokosea. Fundi alikwenda Marovoay kuzika, siku tatu. Kasha jipya lilikuwa limefika, chupa kumi na nne, na tulikuwa tumemaliza sita za mwanzo. Aliniachia ufunguo na kopo la spiriti, maana joto hunyonya spiriti hata kizibo kikikaza, na kiluwiluwi akibaki nje ya maji yake hukunjamana. Nijaze mpaka mstarini, basi. Hakuniambia nifute vumbi. Hilo niliongeza mwenyewe, kwa kutaka akirudi akute rafu inang'aa.

Nilizishusha chupa mkekani nikawa nazifuta kwa kitambaa kibichi. Uzi wa Guyana ulikuwa umeoza. Nikiwa nimeshika chupa mbili, vikaratasi vyote viwili vikadondoka, na sikupata muda wa kutazama, kwa sababu Zaina alipiga ukelele jikoni. Sufuria ya uji ilikuwa imempindukia mguuni. Nilikimbia. Nilimmwagia maji, nikamfunga, nikambembeleza. Niliporudi, chupa mbili zimekaa uchi mkekani, na vikaratasi viwili vimelala kati yake: saba, kumi na moja.

Nilichukua kioo. Mmoja alikuwa na mdomo mdogo, laini, meno yamefifia. Wa pili alikuwa na mdomo mpana uliozungukwa na vinundu. Rangi moja, urefu mmoja. Hapakuwa na kitu cha kuniambia huyu ni saba na huyu ni kumi na moja. Nilijaribu kukumbuka mkono wangu wa kulia ulishika ipi. Nikakumbuka, au nikajitungia kumbukumbu. Nilimfungia mwenye mdomo mdogo namba saba, kwa uzi mpya.

Ningeweza kumwambia aliporudi. Neno lilikuwa ulimini. Lakini barua ya Ambanja ilikuwa mezani kwake, haijajibiwa, na mguu wa Zaina ulikuwa umefungwa matambara, na hayo mawili kwa siku moja niliona yanatosha kumrudisha Fundi mkekani. Akaniuliza, "Kila kitu sawa, bweni?" Nikasema sawa. Hakukuwa na siku nyingine niliyomdanganya, na ile moja ilitosha.

Alipomfikia wa saba, alimtazama asubuhi nzima. Kisha akaweka tepu. Sauti ya saba ilikuwa nzito, inagonga, inanyamaza, inagonga tena, hata glasi mezani ilitetemeka. Aliizima, akarudi kwenye kioo, akaiwasha tena. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Tazama," aliniambia. "Tazama mdomo huu, kisha usikie. Aliyepewa mdomo wa kunyonya ukungu wa maji tu, akikua ndiye mwenye ngoma. Na huyu wa kumi na moja mwenye mdomo wa lango, akikua anapiga mbinja."

Aliandika kurasa nyingi kuliko za chupa nyingine yoyote. Daktari alifurahi, ikachapwa, jarida likaja na michoro yake, na Fundi akalitembeza Mahabibo nzima. Na hapo likazaliwa lile somo lake ambalo kila aliyepita chuoni kwake anaweza kukusomea: mdomo mdogo hauzuii sauti kubwa. Aliwaambia waoga. Aliwaambia wafupi. Zaidi ya wote alimwambia Hamidu wetu, aliyekuwa na kigugumizi mpaka anafunga macho na kukanyaga chini ili neno litoke. Fundi alimsimamisha mbele ya wenzake, akawaambia wamtazame vizuri kiluwiluwi wa saba. Hamidu alipokuwa na miaka tisa alisoma sura nzima barazani bila kukwama, watu wakalia, na mimi nikalia kuliko wote. Walidhani ni furaha. Ilikuwa furaha pia.

Nani angekuwa mimi, akatoka pale akasema chupa ile nimeibahatisha?

Huenda nilipatia. Hilo ndilo lililonifanya nisitulie. Ningejua nimekosea ningekuwa mkosaji, ningetubu, ningelala. Lakini nilikuwa na nusu kwa nusu. Mikono ndani ya povu la sabuni, nilikuwa nikizifungua na kuzifunga chupa zile upya. Mchana nikimwandikia nilizitazama rafuni. Mara mbili niliota nimepeleka kikaratasi kwa Bi Echata anisomee, naye akakifungia samaki.

Miaka ikapita. Macho ya Fundi yalianza kuingia ukungu. Alisimamisha kazi ya vyura, kisha chuo, kisha mpwa wake wa kike akaja kumchukua, akarudi naye Nosy Be, kwake Ambatoloaka. Saidi alipata kazi bandarini. Zaina aliolewa Marovoay. Hamidu alisema anataka kuwa mwalimu. Hakuna aliyebaki wa kugawiwa. Na bado sikusema, mpaka siku nilipokwenda kumwona Zaina aliyejifungua, nikamsikia anambembeleza mwanawe mchanga: kiluwiluwi wangu, mdomo mdogo hauzuii sauti kubwa. Mtoto ana wiki mbili. Nikaona neno langu la uongo limeshaanza kunyonya. Nilipanda meli ya mizigo wiki ileile.

Nilimkuta Ambatoloaka anatembea. Mpwa wake alikuwa amefunga kamba kutoka nguzo ya nyumba hadi nguzo ya jiko, na Fundi alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto, anakwenda na kurudi, mchanga umechimbika njia.

"Mjomba, umepata mgeni. Kaa basi."

"Nimekaa tangu asubuhi," alisema akitembea. "Nani?"

"Mimi, Fundi."

Alisimama. "Bweni. Umekuja peke yako? Hamidu hajambo? Bado anasema?"

"Anasema mpaka tunamwomba anyamaze."

Alicheka. Mpwa wake akaenda jikoni, na mimi nikaona nikinywa hata maji sitasema. Nilimwambia papo hapo, nimesimama upande mwingine wa kamba: Marovoay, spiriti, vumbi, uzi, mguu wa Zaina, vikaratasi viwili. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kwa sauti ya kazini.

"Ulikuwa umeshika ipi mkono wa kulia?"

"Sikumbuki."

"Ulizishusha kwa mpangilio wa rafu?"

"Nilizishusha nne nne. Zikachanganyika."

"Hukuweka alama, hata tone la wino chini ya chupa?"

"Hapana."

"Kwa hiyo huenda ni sawa."

"Huenda."

"Hilo ndilo baya!" Alipiga kamba, nguzo ya jiko ikatikisika, mpwa wake akachungulia. "Lingekuwa kosa ningelifuta. Hili nalifanyaje? Miaka saba umeniacha nawasimamisha watoto wa watu mbele ya chupa usiyoijua! Mimi niliyekukataza hata kusema kama! Kwa nini?"

"Niliogopa utakuja kugawa."

Hakuelewa. Ilinibidi nimkumbushe mkeka, baba mdogo, maneno yake. Aligeuza uso, macho yake meupe yakatafuta nilipo yakapakosa.

"Nilisema vile wanyamaze," alisema. "Bweni, nilisema vile wanyamaze tu."

Alitembea kwenda na kurudi, sijui mara ngapi. Mpwa wake akaweka chai, ikapoa. Nilifikiri atanifukuza, na nilikuwa tayari.

"Una kalamu?" aliuliza.

Alinitamkia niandike barua kwa daktari, kwa Kifaransa, herufi moja moja palipokuwa pagumu kwa darasa la nne. Mimi nilianza kwa salamu na kuomba radhi mistari mitatu. Akaniambia nimsomee, kisha nifute.

"Radhi ataitafuta mwenyewe akiitaka. Andika kilichotokea. Uzi ulikatika. Vikaratasi viwili vilianguka. Vilirudishwa kwa kukisia. Kwa hiyo viluwiluwi wa namba saba na wa namba kumi na moja hawajulikani sauti zao. Atakayewapata wakiwa hai awafuge mpaka walie."

Niliandika. Neno "hawajulikani" alinitaka nilisome mara mbili.

"Na Hamidu?" niliuliza.

"Mwambie. Anasema vizuri sasa, atalistahimili. Na Zaina mwambie. Wale wengine…" Alianza kuwataja watoto wa chuo kwa majina, wa Mahabibo, wa bandarini, mapacha wa mwuza mkaa, akikunja kidole kwa kila mmoja, vidole vikaisha, akaanza tena, akaacha.

Nilimsogezea karatasi nikamwekea kalamu mkononi aweke sahihi. Aliirudisha.

"Mimi sikuwepo. Nilikuwa Marovoay. Weka jina lako."

"Daktari hanijui, Fundi."

"Atakujua."

Niliandika jina langu lote, na la baba, kama nilivyofundishwa. Aligusa karatasi kwa kidole mahali wino ulipokuwa mbichi, akahakikisha pameandikwa, akaanza kunihimiza. Nisinywe chai. Posta ya mjini inafungwa, gari la abiria halingoji mtu. Mpwa wake alisema mgeni hajala, na yeye akasema mgeni atakula akirudi. Nilipofika barabarani nilimsikia bado anauliza kama nimeshaondoka.

Posta, karani aliipima barua, akasoma anwani, Guyana, akanitazama kanga na kandambili zangu. Aliigeuza bahasha upande wa nyuma, palipokuwa patupu.

"Mtumaji nani?" aliuliza.

"Mimi," nikamwambia, na nikaomba kalamu.